Giza la nanomita 7

Haya ni maneno niliyozungumza jioni moja ya mwezi wa saba kwenye ukumbi wa shule ya sekondari hapa Mwanza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, pamoja na maswali mawili yaliyonikatiza.

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi wangu, wadogo zangu wanafunzi, na nyie majirani mlioingia kwa sababu mmesikia kuna projekta: habari za jioni.

Mwalimu amenitambulisha kama mtaalamu wa mambo ya anga. Naomba nilirekebishe hilo mapema, lisije likaota mizizi. Mimi ni fundi wa friji. Wengine humu ndani mmenipigia simu mara tatu wiki hii na sijafika, nitafika. Anga nalipenda tu, kama baba yangu alivyoipenda Pamba hata miaka ile yote ilipokuwa nje ya Ligi Kuu.

Sasa tazameni ukutani. Shuka ni la mke wangu, kwa hiyo mkiona mkunjo unaopita katikati ya mbingu, huo si ugunduzi. Hii ni nebula ya Carina. Kundi hili la nyota kwa Kiswahili linaitwa Mkuku, yaani ule uti wa chini wa chombo, na Suheli, nyota ambayo mabaharia wa pwani waliijua kwa jina, imo humohumo. Nebula ni wingu la gesi na vumbi. Hili upana wake angani ni kama miezi minne mipevu iliyopangwa mstari, na nuru yake imesafiri zaidi ya miaka 7,000 kabla ya kutua kwenye kamera yangu. Mnaona hapa katikati panavyong'aa, na huu mfereji mweusi unaopita kama korongo? Korongo hilo ni vumbi, limesimama mbele ya gesi inayowaka.

Watu wakiiona picha hii huniuliza niliipiga Serengeti siku gani. Sijaipiga Serengeti. Nimeipiga Nyegezi, nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na banda la kuku, huku jirani yangu akiwa amewasha taa ya ulinzi ambayo ingetosha kutulizia ndege. Kwa macho, mahali hapohapo, mnaona doa hafifu kama mvuke wa pumzi kwenye kioo. Usiku ukiwa mbaya hamwoni hata doa.

Miaka minne iliyopita na mimi niliamini kwamba picha za namna hii zinahitaji giza, na giza mjini halipo. Nikasubiri mwezi uishe. Nikakodi bodaboda mbili, moja yangu na moja ya vifaa, nikaenda Kayenze kwa shemeji yangu, mvuvi wa dagaa. Jua likazama, nikaifunga darubini ikaelekea kaskazini, juu ya maji. Saa mbili na nusu taa ya kwanza ikawaka ziwani. Halafu ya pili. Kufika saa tatu ziwa lote limewaka, mstari nyuma ya mstari, utadhani ng'ambo kuna mji mwingine ambao serikali bado haijautangaza. Kila picha niliyopiga ilirudi nyeupe kuanzia chini hadi nusu. Alfajiri shemeji akarudi na ndoo zake, akanikuta nimekaa juu ya boksi. Akaniambia, "Shemeji, ulidhani uko peke yako unayesubiri giza?"

Mnaoishi na wavuvi mnaijua hesabu hiyo. Dagaa hufuata taa, na taa ina nguvu usiku usio na mwezi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni LED za betri. Mbalamwezi ikija, mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Kwa hiyo usiku wa mvuvi wa dagaa na usiku wa mpiga picha wa nyota ni uleule mmoja, na mimi sitamwambia mtu azime taa inayomlisha. Kilichonitoa kwenye kona hiyo ni kipande hiki cha kioo, kichujio cha nuru.

Kipitisheni mkione. Mkishike pembeni tafadhali, bei yake ni ya simu nzuri, ndiyo maana namtazama kila anayekipokea. Mnaona kinavyorudisha sura yako kama kioo cha kinyozi? Mwanga mwingi kinaurudisha ulikotoka. Sasa kiinue kuelekea taa ya dari. Taa ileile imefifia, karibu haipo.

Wazee mnaikumbuka redio ya mkulima, yenye mshale unaousogeza taratibu. Hewa yote imejaa mawimbi: Nairobi, Kampala, Bujumbura, na kelele za radi kutoka ziwani. Redio isiyoweza kuchagua ingekupa zote kwa pamoja, yaani ingekupa makelele. Ukiusogeza mshale ukalala sawasawa kwenye stesheni moja, sauti inatoka safi, ingawa kelele zote bado zipo hewani. Kichujio hiki ni mshale wa redio, ila kwa nuru.

Mwanga unaoonekana kwa jicho, kutoka zambarau hadi nyekundu, una upana wa kama nanomita 300: unaanzia karibu na 400 na kuishia karibu na 700. Nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la nuru, sehemu 1 ya milioni ya milimita. Taa nyeupe ya LED inamwaga mwanga karibu kote humo. Mwezi nao ni hivyohivyo, kwa sababu mwanga wake ni wa jua ulioazimwa. Lakini gesi ya nebula haimwagi. Inang'aa kwenye mistari michache myembamba sana, kila gesi kwa namba zake, na namba hizo hazibadiliki hapa wala kwenye Mkuku. Hidrojeni ina mstari wake mkubwa mwekundu kwenye nanomita 656.3. Oksijeni iliyonyang'anywa elektroni mbili ina wa kijani kibichi kinachoelekea bluu, 500.7. Salfa iliyopoteza elektroni moja ina miwili nyekundu iliyokaribiana, 671.6 na 673.1.

Basi fanyeni hesabu ya dukani. Kichujio kinachoruhusu nanomita 7 tu kuuzunguka ule mstari mwekundu wa hidrojeni kinapitisha karibu nuru yote ya hidrojeni, lakini kwenye taa ya jirani yangu kinapitisha kama sehemu 1 kati ya 40. Cha nanomita 3 kinapitisha kama 1 kati ya 100. Jirani hajazima taa wala sijamgombeza. Giza nimelipata ndani ya kamera.

Sasa kwa nini hidrojeni ing'ae hapo tu na si kwingine? Wanafunzi wa kidato cha nne, hili lenu. Elektroni haikai popote inapotaka, inakaa kwenye ngazi, kama nyumba za Mabatini zilivyokaa juu ya miamba: uko kwenye jiwe hili au lile, katikati hakuna pa kusimama. Nyota changa zenye joto kali humwaga miale ya urujuanimno inayozing'oa elektroni kabisa kutoka kwenye hidrojeni. Baadaye kila hidrojeni hukamata elektroni nyingine, na hiyo hushuka ngazi kwa ngazi hadi chini. Kila mruko una nishati yake maalumu, na mruko wa kutoka ngazi ya tatu hadi ya pili ndio unaotoa ile nyekundu ya 656.3. Hiyo nyekundu yote mnayoiona ukutani ni elektroni zinazoshuka kutoka la tatu kwenda la pili.

Habari ya oksijeni ni ndefu kidogo na naipenda kuliko zote, mniruhusu.

Huko London kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa, William Huggins. Duka lilikuwa la familia. Mwaka 1854 aliliuza akajenga kituo cha kutazamia nyota nyumbani kwake. Nikisoma hapo huwa namficha mke wangu kitabu. Tarehe 29 Agosti 1864 aliielekeza darubini yake, ikiwa na prizimu ya kuupasua mwanga, kwenye nebula moja ndogo ya kaskazini, ile ambayo siku hizi inaitwa Jicho la Paka. Wakati huo wakubwa walikuwa wakibishana kama nebula ni nyota nyingi mno zilizosongamana au ni kitu kingine. Kama zingekuwa nyota, angeona upinde wa mvua kamili. Huggins akaona mistari michache ya kijani peke yake, basi. Ni gesi. Ubishi wa nebula hiyo ukaishia hapo, usiku mmoja, kwa mtu aliyetoka nyuma ya kaunta ya duka.

Ila mistari ile ya kijani haikulingana na kitu chochote kilichojulikana maabara. Watu wakasema basi kuna elementi mpya huko juu, wakaipa jina nebuliamu. Fumbo hilo likadumu zaidi ya miaka 60. Mwaka 1927 ndipo Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni tu, hii tunayoivuta, ila iko mahali penye utupu ambao maabara za wakati huo hazikuweza kuutengeneza. Atomu ile ikishapanda ngazi hiyo hukaa juu sekunde nyingi kabla ya kushuka na kutoa kijani chake. Hapa ukumbini hewa ni nzito, atomu inagongwa na wenzake mara mabilioni kwa sekunde, haipati hata nafasi ya kupumua, inapoteza nishati yake kwenye msongamano kama abiria anayeibiwa stendi. Huko kwenye nebula hakuna wa kuigonga. Inakaa, inakaa, halafu inatoa nuru. Mimi kila nikiiona bluu ile kwenye picha nawaza hilo: ni rangi ya mahali pasipo na msongamano.

Hapo mzee mmoja wa safu ya mbele akanyoosha fimbo. "Mwanangu, rangi hizi ni za kweli, au umezipaka kwenye kompyuta?"

Shikamoo mzee wangu. Umenishika pabaya, lakini nitajibu. Nusu ni za kweli.

Unamjua fundi wa kuchapa fulana. Fulana ya rangi tatu ina fremu tatu. Kila fremu yenyewe haina rangi, ni ramani tu ya wapi wino upite na wapi usipite. Fundi ndiye anayeamua fremu ya kwanza ipakwe wino gani. Mimi nikipiga kwa kichujio cha hidrojeni napata picha ya rangi moja, ramani ya hidrojeni ilipo. Nikipiga kwa cha oksijeni napata ramani ya pili, cha salfa ya tatu. Ningesema niwe mkweli kama jicho lilivyo, hidrojeni na salfa zote ni nyekundu, 656 na 672, jicho halizitofautishi hata kidogo. Ningewachapia fulana yenye wino mwekundu juu ya mwekundu. Kwa hiyo watu huipa salfa wino mwekundu, hidrojeni kijani, oksijeni bluu. Mpango huo unaitwa wa Hubble, kwa sababu ndio uliotumika kwenye ile picha maarufu ya mwaka 1995 ya nguzo za vumbi ndani ya nebula ya Tai. Picha yangu hii haikutumia salfa. Nina kichujio kinachopitisha mistari miwili kwa mpigo, hidrojeni na oksijeni, na kamera ya rangi: nyekundu inaingia upande wa nyekundu, kijani cha oksijeni kinaingia kwenye kijani na bluu. Kwa hiyo mzee, nyekundu yangu ni nyekundu kweli. Bluu nimeikoleza. Nakiri mbele ya mashahidi.

Naomba pia nikiri ninaposhindwa, maana nimekisifu kioo hiki vya kutosha.

Bibi yangu alikuwa na msemo wa kale wa wakulima: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Kilimia mnakijua, zile nyota zilizofumbatana kama wavu mdogo. Kimezungukwa na nebula ya bluu nzuri ajabu, na mimi nikasema hii nitaipiga kwa heshima ya bibi. Usiku mbili. Saa tano na nusu za picha. Nilipoziunganisha nikapata nyota zimesimama kwenye weusi, bluu haipo hata chembe. Nikadhani kichujio kimeharibika. Kumbe kosa langu. Wingu la Kilimia halitoi nuru yake lenyewe, ni vumbi linalorudisha mwanga wa nyota zilizo karibu nalo, na mwanga wa nyota ni stesheni zote kwa pamoja. Kichujio kililitendea kama taa ya jirani: kilikata karibu lote. Kwa vumbi la namna hiyo, na kwa galaksi nyingi, hakuna ujanja, unabeba vifaa unakwenda porini. Kilimia cha bibi nakidai mpaka leo.

Sasa vifaa. Nitapita haraka, kwa sababu kila nikianza vifaa mke wangu hutoka chumbani.

Kamera yangu ni Canon ya mtumba. Kamera za kawaida zina kioo mbele ya sensa kinachokata sehemu kubwa ya nyekundu ya hidrojeni, ili nyuso za watu kwenye harusi zisitoke nyekundu. Nilikitoa mwenyewe mezani kwangu, kwa bisibisi ya simu. Inawezekana, ila ukimaliza kamera haioni tena umbali sawasawa na harusi hupigi tena. Darubini ni ya lenzi, upana wake milimita 60, ndogo kuliko kikombe cha chai. Programu ya kuunganisha picha ni Siril, ya bure kabisa.

Mahali nataka kukaa kidogo ni kwenye mtambo wa kufuata nyota, kwa sababu hapa vitabu vya wenzetu vinatuacha njiani. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa. Ukifungua kamera dakika 5 bila kufuatisha, nyota zinakuwa michirizi. Kwa hiyo unaweka mtambo wenye mhimili, na mhimili huo lazima ulale sambamba na mhimili wa Dunia. Ulaya mtu anaulekeza kwenye Kutubu, ile nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya anga, amemaliza, anakunywa kahawa. Sisi tuko digrii 2.5 kusini ya ikweta. Kutubu kwetu iko chini ya upeo, haichomozi kamwe. Upande wa kusini ncha ya anga iko digrii 2.5 tu juu ya ardhi, yaani imejificha nyuma ya nyumba ya mtu, ndani ya vumbi na moshi wa mkaa.

Halafu mitambo mingi haikutengenezwa ikimwaza mtu wa Mwanza. Skrubu ya kuinamisha mhimili inagoma kwenye digrii 10 au 15. Nilipoulazimisha wangu, ile nondo ya uzito wa kusawazisha ikagonga mguu wa stendi katikati ya usiku, mota ikalia kama mbuzi. Nikampelekea fundi geti wa mtaani kwetu. Nikamwambia nataka kabari ya chuma, upande mmoja juu, upande mwingine chini, pembe digrii 12 kamili. Akauliza, "Ni ya geti la namna gani hilo?" Nikamwambia ni la mbinguni. Hakucheka, alipima, akachomelea bamba mbili na matundu matatu ya bolti, akanichaji elfu kumi na tano. Kabari hiyo imenifaa kuliko kifaa chochote nilichoagiza kwa meli. Kulainisha kulikobaki nafanya kwa nyota zenyewe: naichagua moja iliyo juu kabisa kichwani, naitazama dakika kadhaa inapotelezea, kaskazini au kusini, nasogeza mtambo kidogo, natazama tena. Mara ya kwanza ilinichukua usiku mzima. Sasa dakika 20.

Lakini kwa usumbufu huohuo tumelipwa. Mtu wa London hawezi kuiona Carina hata akipanda mnara. Na mtu wa kusini ya mbali akiitafuta nebula iitwayo Amerika ya Kaskazini, ile ya kwenye kundi la nyota la Dajaja, anaiona ikijikokota karibu na upeo wake. Sisi Carina inapanda hadi digrii 32 upande wa Buhongwa, na Amerika ya Kaskazini inapanda zaidi ya 40 juu ya ziwa. Orioni, yaani Jabari, inapita karibu kabisa utosini. Nyuma ya banda langu la kuku napiga mbingu zote mbili.

Umande. Hili ni la aibu. Mimi ndiye ninayewaeleza wateja kwa nini chupa ya soda ikitoka kwenye friji inatoa jasho. Na mimi huyohuyo niliacha lenzi ikitazama anga tupu usiku wa Juni, hewa imejaa unyevu wa ziwa, lenzi ikapoa kuliko hewa, ikatoa jasho saa tatu nzima huku nikiwa nimelala. Picha 36 za ukungu. Sasa nimeizungushia mkanda wa rezista 10 za oma 330, nimeziunga sambamba kwenye volti 12, zinatoa zaidi kidogo ya wati 4. Wanafunzi mnaweza kuihakiki hesabu hiyo kesho, msiniamini.

Na umeme. Usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima. Watoto wakalia "aaah!" kama kawaida. Mimi peke yangu nikashukuru: Njia Nyeupe ilitokeza juu ya Nyegezi kama mtu ameikung'uta unga. Nikasimama nikaitazama, mdomo wazi, dakika nzima, ndipo nikasikia kimya. Mtambo umesimama. Nilikuwa nimeuchomeka ukutani. Siku hizi natumia betri ya sola.

Msichana wa kidato cha tatu akauliza: "Kaka, kwa nini upige picha nyingi, usipige moja ndefu?"

Swali zuri, na ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Kila picha ina kitu cha kweli na ina chengachenga. Ukizijumlisha, cha kweli kinaongezeka sawa na idadi ya picha, chengachenga zinaongezeka kwa kipeuo cha pili tu. Picha 4 zinakupa usafi mara 2 wa picha 1. Picha 100, mara 10. Mnaona ubaya wake? Ukitoka saa 1 kwenda saa 4 umeongeza usafi mara mbili, ukitaka mara mbili tena unahitaji saa 16. Na kichujio kimekata mwanga mwingi, kwa hiyo njaa ya saa ni kubwa zaidi. Hii ya ukutani ni saa 14, siku sita, nyingi zikiwa za mbalamwezi, shemeji akiwa nyumbani anashona nyavu. Moja ndefu? Ndege mmoja akipita, au mlinzi akimulika, imekwisha yote. Kati ya picha za dakika 5, iliyoharibika unaitupa moja.

Mbalamwezi nayo ina siri yake: mwanga wa mwezi ukipita hewani hutawanyika zaidi upande wa bluu, kwa hiyo unaisumbua oksijeni kuliko hidrojeni. Mwezi ukiwa mpevu mimi napiga nyekundu. Oksijeni naiwekea siku ambazo mwezi umelala na ziwa limewaka taa za dagaa. Na mimi nina kalenda kama ya shemeji, ila imegeuzwa kichwa chini.

Naona mzee amenyoosha tena fimbo, na naijua atakachouliza: hii inasaidia nini? Haijaza sufuria, mzee. Ila nikupe habari moja. Galaksi ya Andromeda imepigwa picha tangu karne ya kumi na tisa, na darubini kubwa kuliko ukumbi huu, na watu wa uani maelfu. Mwaka 2022 wapenzi watatu wa anga, wawili Wafaransa na mmoja Mjerumani, Yann Sainty, Xavier Strottner na Marcel Drechsler, walikaa wakajumlisha saa nyingi mno za picha kwa kichujio cha oksijeni. Kando ya galaksi hiyo likatokea tao refu la bluu ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Darubini yao ilikuwa ndogo tu. Wakubwa wote walikuwa wamepita hapo wakisikiliza stesheni zote kwa pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 pamoja na wanasayansi wa vyuo, na ukazuka ubishi kama tao hilo ni la Andromeda au liko huku karibu nasi. Andromeda nayo sisi tunaiona, Novemba, juu ya ziwa.

Nimezungumza kupita muda niliopewa. Saa mbili na robo, kabla sijaingia humu, niliuwasha mtambo pale uwanjani, karibu na goli, ukielekea kwenye nebula ya Wangwa, juu ya mkia wa Nge. Mwezi wenyewe mmeuona, umefika nusu. Kwa hesabu yangu sasa iko picha ya nane. Tutoke tuangalie kama umande haujaingia. Watakaowasha tochi za simu wazielekeze chini, na yule mwenye kichujio changu, kwanza akirudishe.